Lenzi Ndefu Mlangoni pa Mama

Laiti ningekataa siku ile dada Elifuraha aliponiambia nibadilishe lenzi. Bado nasikia harufu ya asubuhi hiyo pale Mwankoko: samadi mbichi ya zizini, moshi wa uji wa uwele, na dawa ya majani aliyopakwa mama tumboni. Ilikuwa enzi ya Waingereza, nami mvulana wa shule niliyejiona nimeelimika. Mama alikuwa anapelekwa hospitali ya Kilimatinde kupasuliwa uvimbe, na lori lilikuwa limeshasimama barabarani, dereva anapiga honi. Hakuwa amewahi kupigwa picha maishani mwake, na baba hakutaka aondoke bila kupigwa hata moja.

Shemeji yangu Yona, mume wa dada, alikuwa mpiga picha mjini. Lakini kwetu mkwe hathubutu kumkabili mama mkwe uso kwa uso. Basi alisimamisha kamera uani, akamkalisha dada mahali atakapoketi mama, akapima mwanga, akaniachia kazi ya kubonyeza, kisha akaenda kujificha nyuma ya nyumba. Kwenye filamu ilikuwa imebaki nafasi ya picha moja tu.

Mama akatoka, akaketi palepale, kivulini mlangoni. Nilipochungulia nilimwona mdogo, amemezwa na ukuta wa tembe. "Hata nyusi hazionekani," dada akanong'ona. "Weka ile lenzi ndefu aliyoiacha mkobani, imlete karibu." Nikazishika lenzi zote mbili, nikalinganisha matundu ya kupitishia mwanga. Yalikuwa sawasawa. Nikajiambia kwamba kama tundu ni lilelile, basi mwanga nao ni uleule.

"Umemaliza?" shemeji akapaza sauti.

"Bado, shemeji!"

"Usiguse kingine zaidi ya kitufe!"

Honi ililia tena. Nikafunga lenzi ndefu na kuizungusha hadi uso wa mama ukawa wazi.

"Hicho kidude unakipigia picha au unakikamua?" mama akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Nikabonyeza akiwa bado anacheka.

Shemeji alipoisafisha picha, ilitoka giza tupu. Hakunifokea. Alinieleza kwamba lenzi ndefu huikuza sura, kwa hiyo mwanga uleule uliopita tunduni hutandazwa mahali papana zaidi na kufifia. "Mimina kata ya maji kwenye bakuli, halafu kata hiyohiyo kwenye karai, uone kina," alisema. "Ilitakiwa mwanga uachwe uingie muda mrefu zaidi. Ungeniita tu, bwana mdogo. Ningekuja hata kwa kufumba macho."

Siku hizi simu za wajukuu wangu hupima mwanga zenyewe, nao hupiga picha hata sahani ya wali kabla hawajala. Wakiniuliza mama yangu alifananaje, nawasimulia mwendo wake na maneno yake tu. Mama hakurudi kutoka Kilimatinde, na wengine waliomfahamu wote wameshazikwa. Niliona aibu kumuuliza shemeji, na kwa sababu hiyo hakuna anayeujua uso wa mama yangu. Hata mimi siukumbuki tena.