Meno ya Juu ya Benedikto

Nilipokuwa mtoto, masikio ya bibi yangu yaliogopwa nyumbani kwetu kuliko fimbo ya katekista. Huyu alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi na mkali, aliyebatizwa ukubwani na asiyekosa misa. Kila mtoto wa ukoo wetu alipokaribia kuota meno, ni yeye aliyemlisha uji kwa kijiko cha chuma, ameinamisha kichwa, akisikiliza. Kijiko kikigonga jino la chini, alipiga vigelegele. Kikigonga la juu, ilikuwa balaa. Mtoto anayeanza na meno ya juu aliitwa kigego, na kigego, wazee walisema, huwala wazazi wake. Zamani mtoto wa namna hiyo alipelekwa mahali, na hakurudi. Wakubwa waliishia hapo, na sisi watoto tuliachwa tukiwaza wenyewe mahali hapo ni wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Msimu wa mpunga tulihama Ifakara, tukavuka mto Kilombero kwa mtumbwi na kuishi bondeni juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa ili maji ya masika yapite chini yake. Mwaka ule baba aliugua homa hukohuko shambani. Mto ulikuwa umefura, unabeba magogo, na hakuna mpiga kasia aliyekubali kumvusha kwenda hospitali. Ni katika siku hizo mdogo wangu Benedikto, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni, alipoota meno mawili, yote ya juu.

Mama ndiye aliyeyaona kwanza. Akanionyesha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa mtoto.

“Agnesi, asicheke mbele ya bibi yako,” aliniambia.

Hebu fikiria, kumzuia mtoto mchangamfu asicheke! Nilimfunika kanga kichwani hata wakati wa joto, naye akalia, na kulia nako ni kufungua mdomo.

Ndipo nilipoanza kusali kwa bidii, si kwa kuambiwa. Ombi langu lilikuwa moja tu: meno ya chini yaote upesi kabla bibi hajagundua. Kila asubuhi nilipitisha kidole kwenye ufizi wa Benedikto nikitafuta jibu la Mungu. Ufizi ulikuwa laini vilevile. Nilimkasirikia Mungu, nasema kweli. Nilidhani kusali ni kuagiza, na aliyeagizwa alikuwa anachelewa.

Mchana mmoja bibi alichukua kijiko chake. Kikagonga. Alimlisha mtoto bakuli zima, akampangusa mdomo, akashuka kwenda kwenye kibanda chake. Aliporudi alikuwa na kanga ya kubebea mkononi.

“Mama Agnesi, mwanangu anakufa kwa sababu ya huyu,” alisema. “Nipe mtoto nimpeleke.”

Mama alipiga magoti, kama mke wa mtu alivyotakiwa mbele ya mama mkwe wake. Hakupandisha sauti.

“Mama, mimi sina neno na wewe. Lakini mtoto huyu amebatizwa. Ana jina.”

“Na mumeo hana jina?”

Baba alikuwa amelala nyuma yake, anahema. Mama akabaki vilevile magotini, akavua rozari shingoni, akaanza, “Salamu Maria...”

Kwetu sala hiyo ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anaanza, na yeyote anayesikia anamalizia, hata kama ni mpita njia mwenye mzigo wa kuni kichwani. Kuiacha ikining'inia lilikuwa jambo lisilofanyika. Bibi alisimama na kanga yake, amebana midomo. Kisha mazoea yakamshinda, akajibu kwa sauti ya hasira, “Maria mtakatifu, Mama wa Mungu...” Mama akaanzisha nyingine. Bibi akajibu tena. Waliendelea hivyo hadi bibi akachoka kusimama, akakaa chini, na hasira ikaanza kumtoka kwenye sauti. Walipomaliza rozari nzima alikuwa analia. Alijifuta kwa ile kanga, akasema tukoke moto tupike, jua linazama.

Ningependa kuandika kwamba baba alipona. Alikufa kabla ya mavuno, kama bibi alivyoonya. Tulimzika palepale ng'ambo, kwenye ardhi iliyoinuka, kwa sababu mto ulikuwa bado haupitiki. Waombolezaji wa mashamba ya jirani walimtazama Benedikto mikononi mwangu kwa namna iliyonitia hofu kuliko kaburi lenyewe.

Katekista hakuweza kuvuka, kwa hiyo mama alisalisha mwenyewe. Alianza Baba Yetu vizuri. Alipofika pale panaposema utakalo lifanyike, sauti ilikatika. Alijaribu tena, ikakataa. Ndipo bibi, aliyekuwa akimzika mwanawe, akayasema maneno hayo kwa niaba yake na kuiendeleza sala mpaka amina.

Kisha akanijia, akanyoosha mikono. Nilimng'ang'ania mtoto. Bibi akamtoa kwangu taratibu, akaikunjua kanga ileile, akamfunga mgongoni kwake, mbele ya macho ya watu wote. Hakumshusha hadi wa mwisho alipoondoka.

Mimi sasa ni mzee, na nimesali katika njaa, katika misiba, kwenye vitanda vya wagonjwa wangu mwenyewe. Sijui hadi leo kwa nini baba alikufa, na sijapata namna ya kusali inayomlazimisha Mungu kukubali. Ila tangu siku ile siogopi kuanza sala nisiyo na nguvu ya kuimaliza.

Baada ya matanga, wakati tunavuna, nilipitisha kidole kwenye ufizi wa Benedikto kwa mazoea tu, kikakwaruzwa. Nilikimbia hadi kwa bibi, aliyekuwa anapepeta mpunga, huku nimembeba Benedikto kiunoni.

“Bibi! Ya chini yameota!”

Hakuinua hata kichwa.

“Vizuri,” alisema. “Sasa ataweza kula wali.”