Fishi ya Marehemu

Ukutubi nilijifunza mwenyewe, katika kitabu cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mwisho. Wakati ule sikumwambia mtu. Niliogopa wangeniuliza kurasa hizo zilisema nini.

Mkuu wa maktaba ya chuo, padri mwenye kikohozi kisichoisha, alinichukua kwa majaribio. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wafanyakazi wawili kuandika fishi, yaani vile vikadi vya kwenye droo vinavyomwonyesha msomaji kitabu kiko rafu gani. Siku moja mkurugenzi wa masomo angekuja na kutaja kitabu. Wafanyakazi wangu wakikipata bila msaada, ninapewa kazi. Wakikikosa, ninarudi Kasha kwa mama, ambaye alikuwa amewatangazia majirani kwamba binti yake sasa ni mtu wa chuo kikuu.

Wanafunzi wangu walikuwa na umri wa wazazi wangu, nami kwa heshima niliwaita Papa na Maman. Papa alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Bunyakiri, na aliniita Mwalimu kwa sauti ya mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Maman alikuwa amepiga pasi vitambaa vya altare kwa masista miaka mingi. Tulisoma Jumamosi alasiri, saa za salongo, kazi ya lazima ambayo ofisi nyingine ziliifanya kwa kufyeka majani. Padri alikubali masomo yetu yahesabiwe kuwa salongo. Maman aliuliza kama salongo ya kukaa kwenye kiti inaruhusiwa na Serikali.

Niliwafundisha kunawa mikono, kuchonga kalamu, kupima pambizo kwa rula. Fishi yenye mwandiko uliopinda niliichana mbele ya aliyeiandika. Papa aliuliza kama wasomaji wanakuja kusoma vitabu au kusoma fishi. Nilimwambia tuendelee.

Kisha nikafikia majina. Wakati huo sote tulikuwa tumeacha majina ya ubatizo kwa amri ya Serikali na kuchukua ya mababu, na hata padri aliitwa sitwayeni, yaani mwananchi, kama watu wengine. Lakini droo zetu zilijaa tasnifu za wanafunzi wa zamani chini ya majina ya zamani. Nilimwona akilini mkurugenzi akifungua droo na kukuta jina lililokatazwa. Niliamuru fishi zote za namna hiyo zitolewe, tuandike mpya kwa majina mapya. Tulizunguka ofisini tukiuliza nani sasa anaitwa nani. Mwandishi mmoja alikuwa amefariki. Nilimtafuta mdogo wake, akaniambia nyumbani kwao wote walichukua jina la babu. Nikamwandika marehemu kwa jina la babu.

“Na mutu akikuja na jina ya zamani, Mwalimu?” Papa aliuliza.

Nilisema hakuna atakayekuja nalo. Ukweli ni kwamba kitabu changu kilikatikia katikati ya sura ya waandishi wenye majina mawili.

Mkurugenzi alikuja asubuhi, akasifu usafi wa droo. Kisha akasogea karibu na Papa, akashusha sauti, akaomba tasnifu juu ya magonjwa ya ng'ombe, akataja jina la mwandishi, la ubatizo na la baba. Marehemu huyo alikuwa rafiki yake wa darasani. Papa alivuta droo, akapekua, akairudisha. Maman alipekua baada yake.

“Sitwayeni,” alisema Maman, “huyu tulimubadilisha.”

“Alikufa mbele ya hii mambo ya majina kuanza. Mulimubadilisha namna gani?”

Padri alikohoa. Mimi nililijua jina la babu, na nilijua pia kwamba nikiisogelea droo ile, mtihani umekwisha. Mkurugenzi alikuwa ameshika kofia yake kama mtu aliyefika msibani akakuta nyumba imehamwa. Niliisogelea. Nilitoa fishi, nikaenda rafuni, nikamletea kitabu. Alikisoma amesimama, akashukuru, akaondoka bila kusema lolote juu yangu.

Padri aliniuliza kama kitabu changu ndicho kilichoniagiza vile. Nikamwambia kinapoishia. Alifungua kabati lake, akatoa nakala yake, nzima, akampa Papa asome kwa sauti. Ukurasa uliofuata ulisema mtu mwenye majina mawili huandikiwa fishi mbili, moja ikimwelekeza msomaji kwenye nyingine, na marehemu hubaki na jina alilokufa nalo.

“Ndio ile niliuliza,” alisema Papa.

Padri aliongeza majaribio yangu hadi fishi za pili ziishe. Jumamosi zilizofuata Papa alisoma na sisi wawili tukaandika. Tulianza na marehemu. Ile ya jina la babu tuliitoa, na Maman akaandika nyingine. Mwandiko ulipinda. Maman alinyoosha mkono anipe niichane.

Niliitia kwenye droo hivyo hivyo. Hadi leo najua imepinda kiasi gani.