Jina la Mwalimu wa Kiswahili

Wiki iliyopita nilikwenda Changamwe, kwenye shule yetu ya zamani ya bweni, kutafuta nambari ya simu ya mwalimu mmoja. Karani, kijana mwenye adabu zake, alinipa shikamoo na kiti, akafungua daftari la walimu waliopita.

"Anaitwa nani, mzee?"

Nikafungua mdomo. Wallahi, sikuwa na jina. Sisi tulimwita Bwana Changu, basi.

Alitoka bara kuja kutufunza Kiswahili, sisi watoto wa Likoni na Kisauni tuliodhani lugha tumeinyonya na maziwa. Siku ya kwanza alitutajia jina lake, lakini nani alisikia? Tulikuwa twacheka matamshi. Kila Ijumaa, siku ya samaki, aliingia jikoni na kijidaftari, moshi wa kuni ukimtoa machozi, amuulize mpishi: huyu aitwaje? Changu. Na huyu? Tafi. Akirudi darasani hutuuliza sisi, na nusu yetu hatujui.

Mtihani wa kwanza tulianguka karibu sote. Insha yangu ilijaa wino mwekundu. Nikanung'unika, "Mwalimu, hiki ni Kiswahili chetu."

"Ni chenu," akasema bila hasira. "Ndiyo maana nashangaa mnavyokiandika ovyo."

Yaliniuma maneno yale. Jioni, ukumbini, tukiwa na sahani za pure, yale mahindi na maharagwe magumu ya shule, nilipanda juu ya benchi nikamuiga: sauti yake, mwendo wake, hata anavyofuta miwani. Wenzangu wakavunjika mbavu. Mara kicheko kikakatika. Alikuwa amesimama mlangoni.

Hakunichapa, wala hakunipeleka kwa mwalimu mkuu. Asubuhi alinirudishia insha nyingine, kila mstari umesahihishwa, na chini ameandika: "Una kipaji. Usikiharibu." Nikajiambia, nitamwomba radhi kabla hatujafunga shule. Sikumwomba. Tuliporudi, alikuwa amehamishwa.

Leo kazi yangu ni kufasiri hati za mahakama. Riziki yangu yote yatoka kwenye wino wake ule mwekundu.

Pale ofisini nikampigia mwenzangu wa bweni.

"Bwana Changu!" akaangua kicheko. "Jina? Nani alilijua? Hebu muige kidogo, nisikie."

Nikakata simu. Karani alipekua kurasa mbili tatu kwa kunihurumia tu. "Humu mna majina tu, hakuna somo wala mwaka. Bila jina, mzee, ni vigumu. Pole."

Nikatoka. Ukumbi wetu wa kulia umebomolewa, na mpishi, nikaambiwa, alishatangulia mbele ya haki. Nilimkasirikia karani na daftari lake. Nikamkasirikia mwenzangu na kicheko chake cha kitoto, mtu mzima mwenye wajukuu. Lakini nilipofika langoni hasira zote zilikuwa zimenirudia mwenyewe. Huenda yule mzee yu hai mahali fulani huko bara, na radhi niliyopaswa kumwomba ingali mdomoni mwangu, nami sijui hata nianze kumuulizia kwa nani.