Maziwa ya Jirani

Watu walimwita Bi Thibitisha, naye hakuchukia. Ukimsalimu kwa uchangamfu uliozidi kidogo, alikutazama mikononi kujua umekuja kuomba nini.

Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, Madoa, na mtaalamu wa mifugo alikwisha kumpandisha mara tatu, kwa mbegu za mrija. Wiki tatu baada ya ile ya tatu, mtaalamu huyo alikuja kuchukua maziwa ya kupima mimba. Kumpapasa kwa mkono ilikuwa mapema mno. Maziwa ndiyo yangesema. Yakisema hana kitu, Madoa aende kwa mchinjaji. Ndivyo alivyokubaliana na mumewe, ingawa moyo ulimuuma, maana alimpenda yule ng'ombe kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Wewe ndiye uliyempandisha, na wewe ndiye unayempima?" alimuuliza mtaalamu.

"Kazi yangu hiyo, mama."

Hiyo ndiyo iliyomtia shaka zaidi. Nani atajitangaza kuwa ameshindwa? Akaamua kumtega. Akasema atamkamua mwenyewe, akaingia zizini na kichupa alichopewa na mtaalamu, akatokea mlango wa nyuma hadi kwa jirani, ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa juzijuzi na hajapandishwa tena. Akakijaza huko. Jamaa akisema kuna mimba, uongo wake umeanikwa juani. Hakumwambia mtu, hata mumewe, kwa sababu mdomo wa yule bwana haukuwa na kufuli.

Kesho yake alikwenda kumwuguza dada yake. Aliporudi siku ya tatu, zizi lilikuwa tupu.

"Karatasi ya majibu imesema hana kitu," mumewe alisema. "Si tulikubaliana?"

Kumbe mtaalamu alikuwa mkweli! Akampigia simu, akaungama mtego wake huku akilia, wakakutana uani kwa mchinjaji. Madoa alikuwa bado hai, amefungwa nguzoni. Mtaalamu hakumgombeza. Alimkamua pale pale, akapima, akasubiri rangi.

"Dalili zote za mimba zipo," alisema. "Mrudishe nyumbani."

Mchinjaji, ambaye alikwisha kumlipa mume na kuwaahidi wateja nyama ya asubuhi, akamtazama mtaalamu kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe ndiye uliyempandisha, na wewe ndiye unayempima?"

Bi Thibitisha akafungua mdomo amtetee. Mchinjaji akaanza kuifungua kamba nguzoni, akimvuta Madoa kuelekea machinjioni.