Kambare wa Baba

Hata leo nikisikia harufu ya maji ya tangi la samaki, ile ya ukungu uliochanganyika na dagaa wabichi, moyo unaniuma. Sebuleni kwetu Geita tulifuga kambare wa Amerika Kusini, mwenye mkia mwekundu na mdomo mpana wa kuchekesha. Baba alimnunua Mwanza akiwa saizi ya kidole. Akawameza wenzake wote, akanenepa, akafikia urefu wa mguu wangu. Mama hakumpenda hata kidogo.

"Baba Kulwa, ziwa zima limejaa kambare, wewe unafuga wa Marekani!"

Baba alicheka tu, akamkatia minofu ya sato kabla sisi hatujala.

Asubuhi moja umeme ulikatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Mchana akafika baba mdogo kutoka machimbo ya Rwamgasa, matope hadi magotini. Duara, lile shimo la dhahabu alimokuwa akichimba baba, lilikuwa limeporomoka, naye yumo ndani. Watu walikuwa wanafukua.

Nikaangua kilio. Baba mdogo akanikemea, "Nyamaza, Kulwa! Unamchuria baba yako." Kwetu mtu hapaswi kuliliwa kabla hajaonekana, maana ni kama kumzika. Akaondoka mbio kurudi machimboni.

Mama aligeukia tangi. Alimtazama kambare, aliyekuwa juu ya maji akihema kwa shida. Akachukua jagi, akachota maji ya tangi, akayamimina tena kutoka juu ili yaingie hewa. Akachota tena. Nikaleta jagi la pili. Tulimimina hadi mikono ikafa ganzi na kanga yake ikalowa chapachapa.

"Mimina, ng'wanawane, mwanangu," aliniambia kila nilipopumzika. "Usisimame."

Niliogopa sana, ila nilifurahi kidogo, nikidhani hatimaye amempenda samaki wetu.

Jioni umeme ukarudi, mapovu yakaanza kupanda. Kambare akashuka chini, akatulia. Nikamwambia mama amepona, lakini yeye aliendelea kuchota. Baba mdogo alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, kofia mkononi, hathubutu kuingia. Mama hakugeuka.

Nilidhani hajamwona, wala hajui kama umeme umerudi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba alijua yote mawili. Maadamu jagi lilikuwa bado mkononi mwake, baba alikuwa hajafa.