Bushuti la Saidi Kwenye Kompyuta Yangu

Hadi leo nikikaa barazani Mutsamudu, mtu akitaka kuninyamazisha ananiuliza tu, "Na bushuti?" nami naanza kutafuta viatu vyangu. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, maana wenzangu hutia chumvi, na aibu hii chumvi yake yatosha.

Mimi ni mpiga picha za harusi, kwetu Mutsamudu, kazi naifanyia Moroni. Siku zile kisiwa chetu cha Ndzuani kilipojitenga na meli zikakatazwa kuvuka, rafiki yangu Saidi wa Moroni alikuwa anafanya anda, ile harusi kubwa ambayo mwanamume wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, huihangaikia nusu ya umri wake, na mama yake, Bweni Echata (Bweni ndiyo Bibi kwetu), alikuwa amekwama Mutsamudu alikokwenda kumuuguza dada yake. Harusi haikungoja (ng'ombe wameshanunuliwa, wageni wametoka Ufaransa). Mama wa watu akakosa kumwona mwanawe ndani ya bushuti, lile joho la nyuzi za dhahabu ambalo asiyefanya anda haruhusiwi hata kuliota. Njia ilipofunguliwa Saidi akanishika mkono: "Wewe unakwenda kwenu. Mwonyeshe mama picha, macho yake yanaisha."

Nikafika. Sebule imejaa, Bweni Echata yuko mbele kabisa, pua karibu iguse kioo cha kompyuta, na ubavuni kaka yake, Mjomba Mmadi, aliyefanya anda yake zamani na hataki mtu asahau. Nikafungua programu yangu ya picha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, picha haiji. Mjomba akasema, "Kijana, hata picha zinangoja kibali cha kuvuka?" Watu wakacheka, mimi jasho.

Hapo ndipo nilipojitia fundi. Ningefungua folda ya Saidi peke yake mambo yangekwisha, lakini nikakumbuka jamaa mmoja aliniambia programu hulemewa na vile vipicha vidogo inavyojiwekea akiba, ukivifuta ikaanza upya inakuwa nyepesi. Nikavifuta. Ikaniuliza itafute picha wapi, nami kwa maringo (chumba kizima kinanitazama) nikabonyeza "kompyuta nzima". Kompyuta nzima, jamani! Nikasahau kilichomo.

Kilichomo ni hiki: kabla ya harusi nilipewa lile bushuti nilipige picha likiwa limetundikwa. Niko chumbani peke yangu, kioo kikubwa kiko ukutani, na shetani hakosi kazi. Nikalivaa, na kilemba juu, nikajipiga picha, nikaificha.

Basi programu ikaanza kuileta hiyo hiyo, kubwa, kwanza ukungu mtupu, huoni ila joho na dhahabu. Bweni Echata akapiga kigelegele. "Mwanangu! Alhamdulillahi, nimemwona!" Machozi yanamtoka, anaupapasa ule uso wa ukungu, anauombea umri na watoto wema, wanawake wanamwitikia, na ni mimi tu niliyeitambua kaptura yangu chini ya joho. Nikabonyeza kufunga, lakini kwa uzito ule ule haikunisikia. Ikaendelea kuisafisha picha taratibu kutoka juu: kilemba, pua, meno yangu yote nje, bushuti, magoti, na ndara za bafuni.

Kigelegele kikafa. Mjomba Mmadi akasimama. "Wewe umefanya anda lini?" Ndara zilikwisha kunijibia. Akaanza kutaja faini ya mbuzi, nami wallahi hata sikumsikia vizuri, kwa sababu yule mama alikuwa bado amekishika kioo, na dua aliyoiweka miezi yote ile ameniangushia mimi, mpumbavu. Niliona haya mpaka nikataka kulia.

"Mwache, kaka," alisema, akijifuta macho kwa leso. "Dua hairudishwi. Imeshampata, akaifanyie kazi. Mwanangu yuko wapi?"

Nikafungua folda ya Saidi peke yake. Picha ikaja papo hapo, safi, Saidi na bushuti lake kamili. Bweni Echata akainama, akaitazama, kigelegele kiko tayari kooni. Akakizuia. Akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, akaniuliza kwa upole:

"Una hakika huyu si wewe?"

Mbuzi nilimtoa. Na tangu siku hiyo programu ikizunguka mimi naikalia kimya, na joho la mtu nalipigia picha mlangoni, mguu mmoja uko nje.