Tulivyochagua Sanduku la Baridi

Miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, wazungu wenye mashamba walianza kuuza vitu vyao. Habari zilitufikia Njombe kupitia kwa madereva wa malori: huyu anauza vitanda, yule anauza jenereta, mwingine amekwisha fungasha na anarudi kwao. Mume wangu alikuwa na duka dogo karibu na soko. Kila dereva aliyeingia kununua sigara aliulizwa swali lile lile, kama amesikia mtu anayeuza friji.

Alikuwa na hamu nayo tangu kabla hatujaoana. Ujana wake aliupitisha akiwa boi wa nyumbani kwenye shamba la miti ya miwati, na huko ndiko alikoona nyama iliyochinjwa wiki iliyopita ikitolewa mbichi, haina hata nzi. Huko huko ndiko alikopekuliwa. Kipande cha nyama kilipotea jikoni, memsabu akawapanga barazani mpishi, mtunza bustani na yeye, nyapara akaamriwa awavue mashati mbele ya watoto. Baadaye ilijulikana kuwa mbwa ndiye aliyekula. Hakuna aliyewaambia pole. Alinisimulia hayo jioni moja kabla hatujachumbiana, na nadhani nilikubali kuolewa naye jioni ile. Nayasema haya mapema ili asomaye asidhani nilikaa na mtu mbaya tangu mwanzo.

Nyumba yetu ilikuwa Yakobi, pembeni mwa mji, mahali ambapo mashamba yanaanza. Mama mkwe aliishi katika uwanja huo huo, kwenye kijumba chake chenye jiko lake. Alikuwa mjane, mfupi, mnyamavu. Kulima alikwisha acha kwa sababu ya magoti, kanisani hakuwa na cheo, na mambo ya duka hakuyajua. Kazi yake iliyobaki ilikuwa moja: kugawa nyama.

Ng'ombe au nguruwe akichinjwa kwetu, wachinjaji walimletea yeye. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, majani mabichi yametandazwa mbele yake, akaanza kutenga. Kidari cha mjomba. Shingo ya waliochuna. Paja la wakwe. Utumbo wa wanawake walioteka maji. Baada ya hapo alianza sehemu iliyokuwa ngumu, ile ambayo mimi sikuweza kujifunza kwa miaka yote niliyokaa naye. Alijua ni nani amejifungua, ni nani amefiwa na bado hajapikiwa, ni nani aligombana na nani, hivyo vipande vyao visiende na mtoto mmoja. Alijua pia ni nani alituletea mbavu mwaka juzi. Jua likizama hapakubaki kitu uwanjani ila pande moja alilolitundika juu ya moto wake likauke kwa moshi.

Nyama ile haikupotea. Wiki tatu baadaye jirani alichinja, na mtoto alikuja na furushi la majani akisema, "Ya bibi." Tulikula nyama mwaka mzima kwa namna hiyo, na watu walimsalimia mama mkwe njiani kwa kuinama, "Kamwene, mama," kama mtu mwenye ofisi.

Dereva mmoja alileta habari hatimaye: Makambako kuna mama wa kizungu anauza friji, tena mbili, achague mtu mwenyewe. Mume wangu alivaa koti lake la kanisani. Alinichukua na mimi, akisema kitu cha jikoni lazima mwanamke akione.

Nyumba ya yule mama ilikuwa nje kidogo ya njia panda ya Iringa na Mbeya. Vitu vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi: viti, beseni la kuogea, kitanda cha mtoto. Zile friji zilikuwa barazani, zote za mafuta ya taa. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya kusimama, nyeupe bila doa, yenye rafu tatu na chumba cha barafu juu. Ya pili ilikuwa kama sanduku la nguo, ya kulala, inafunguliwa kwa juu, yote ni barafu tupu. Pembe zake zilikuwa na kutu.

Memsabu alituonyesha mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Hii refu mzuri sana. Kula mafuta kidogo. Mimi nunua juzi tu." Akapita kwenye ile ya pili, akapiga mfuniko kwa kiganja. "Hii zee. Kunywa mafuta mingi. Lakini iko na kufuli." Akatoa ufunguo mfukoni mwa gauni, akafunga na kufungua mbele yetu. "Boi hapana iba."

Nilimtazama mume wangu usoni. Nilitegemea nione kitu, walau apepese jicho. Alicheka. Alicheka kwa adabu, kichwa amekiinamisha kidogo, kama watu wawili wanaoelewana kuhusu shida ya watumishi. Kisha akauomba ufunguo, akaujaribu mwenyewe.

Nilimvuta pembeni.

"Baba watoto, ile ya kusimama ndiyo nzuri. Ina rafu, maziwa yatakaa, na mafuta haili sana."

"Haina kufuli."

"Kufuli la nini? Nyumbani tuko sisi tu."

"Ndiyo maana," akasema.

Nimeyafikiri maneno hayo mawili mara nyingi. Wakati ule nilidhani anatania.

Tulilileta sanduku kwa lori, limefungwa kamba katikati ya magunia ya ngano. Majirani walikuja kusaidia kulishusha, na ilikuwa Juni, asubuhi ambayo umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi na watoto walikuwa wanatoa moshi midomoni.

"Shemeji," akasema jirani yetu wa upande wa chini, mzee wa maneno mengi, "umekwenda mpaka Makambako kununua baridi? Ungesema tu, tungekuchotea bondeni bure."

"Hii ni ya kizungu," mume wangu akajibu. "Ya kwenu haifungiki."

"Basi mwezi wa saba tutakuja kuota moto humo ndani!"

Watu walicheka mpaka wakalegeza kamba, sanduku nusura liwaponde vidole. Tangu siku hiyo walimwita Bwana Baridi. Yeye alilipenda jina hilo.

Mama mkwe aliliangalia kwa mbali. Aliniuliza, "Mwanangu, linakula nini?" Nikamwambia linakula mafuta ya taa. "Moto unaleta baridi?" Nikamwambia ndivyo. Akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye jiko lake.

Lazima niseme kwamba lilifanya kazi. Waliotabiri kuwa litaharibika walikosea. Mume wangu alijifunza kukata utambi sawasawa ili moto uwe wa buluu, alisafisha bomba la moshi kila Jumamosi, na alisawazisha sakafu ya stoo kwa saruji kwa sababu sanduku likikaa upande haligandishi. Nyama iliyoingia ilitoka vile vile ilivyoingia, ila ngumu kama gogo, tukaikata kwa shoka. Ilikuwa na harufu ya mafuta kwa mbali. Watoto waliizoea.

Ufunguo alikaa nao yeye. Nikitaka nyama ya mchana, nilimwomba asubuhi kabla hajaenda dukani. Alifungua, akachagua pande, akafunga. Ikitokea mgeni mchana, mgeni alikula maharage.

Mwaka uliofuata binti yetu mkubwa alipata kipaimara. Mume wangu alinunua maksai kutoka Mdandu, mnene, na habari zake zilitangulia kabla hajafika. Jumamosi alfajiri uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walikuja na kuni na vyungu, wanaume na visu vyao. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kutoka Kichiwa alikoolewa, amebeba togwa. Mama mkwe alikuwa ametandaza majani tangu giza. Alijifunga kitenge kipya na alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha.

Maksai alichunwa upande wa pili wa nyumba. Mume wangu alisimama pale pale, na kila pande lililokatwa lilipita mlango wa nyuma kwenda stoo. Mapaja, mbavu, kidari. Kilichozidi sanduku alikipakia kwenye baiskeli mbili kikaenda kuuzwa kwa mwenye hoteli pale yanapolala malori. Mama mkwe aliletewa kichwa, kwato na matumbo kwenye beseni.

Aliangalia beseni. Aliangalia nyuma ya aliyelileta, kama kuna mwingine anakuja.

"Mwite mwanangu," akasema.

Mume wangu alikuja akijifuta mikono.

"Baba, ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko ndani, mama. Usiwe na wasiwasi, hataoza."

"Sikuuliza kama ataoza."

 Waliokuwa wakiosha vyungu waliacha, wakageuka kutazama.

"Mama, mambo yamebadilika," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile aliyotumia kwa wateja. "Watu watakula kesho hapa hapa, wali na mchuzi, washibe. Itakayobaki tutaitoa kidogo kidogo, kwa utaratibu. Kwa nini tumalize ng'ombe siku moja?"

"Na hawa?" Alionyesha kwa kidevu watu waliosimama.

"Hawa watakula kesho."

Wifi yangu alimshika mkono kaka yake. "Kaka, mpe basi hata mbavu. Mpe kidari. Watu wanatazama."

"Nawe una ng'ombe wako Kichiwa? Ukichinja, gawa."

 Mama mkwe alivuta beseni karibu, akaanza kukata. Kichwa cha ng'ombe mmoja na matumbo yake aliyagawa kwa uwanja mzima. Vipande vilikuwa vidogo hata vikaonekana kama vya kuchezea watoto, lakini kila nyumba iliitwa na kila nyumba ilipata, na wale wasiosemezana, hata siku ile hakuwatumia mtoto mmoja. Jirani mwenye maneno mengi alipokea kipande cha utumbo kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, mama," bila utani wowote. Wanawake ndio waliosema, walipokuwa njiani, kwa sauti iliyokusudiwa kufika: "Haya jamani, kuni tumebeba, harufu tumekula, twendeni."

Kesho yake walikuja kwenye karamu wachache, wakala, wakaaga mapema.

Baada ya hapo majirani waliendelea kuchinja kama kawaida, na furushi la majani halikuingia tena mlangoni kwangu. Lilipita uwanjani likaenda kwenye kijumba. "Ya bibi," watoto walisema, na waliweka mkazo. Mama mkwe alipokea miezi kadhaa. Kisha alianza kuwarudisha. Nilimsikia akimwambia mtoto mmoja, "Mwambie mama yako nashukuru, lakini asinitumie tena. Sina cha kumrudishia."

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu. Nilimwambia kila kitu, kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa. Nilimwomba siku moja tu afungue, amkabidhi mama yake kilichomo chote, agawe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama hana shida," akasema. "Akitaka nyama aniombe. Mimi nimemnyima lini?"

Na kweli hakuwahi kumnyima, kwa sababu mama hakuwahi kuomba.

Kabla ya mvua za kwanza alihamia Kichiwa kwa binti yake. Alisema magoti yanamsumbua na kule kuna mjukuu wa kumkanda. Alibeba mkeka, chungu kimoja na Biblia.

Tulikwenda kumwona wifi yangu alipomwoza binti yake. Kichiwa bado walichinja kwa mtindo wa zamani, na maksai wao hakuwa mkubwa, lakini alilala mzima uwanjani. Majani yalikuwa tayari. Wazee wa pale waliuliza nani atagawa, na wifi yangu akasema, kwa furaha ambayo nadhani alikuwa ameitunza tangu siku ile ya beseni, "Si mama yupo?" Akaenda kumtoa ndani, akamshika mkono mpaka kwenye majani. Vijana waliweka mapande mbele yake yote, kidari juu.

Mama mkwe aliyatazama. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Gawaneni wenyewe," akasema. "Mimi siku hizi ni mtu wa kupewa."

Wifi yangu alicheka, akidhani ni mzaha wa kizee. "Mama, acha hizo. Watu wanangoja."

"Siwajui watu wa hapa. Simjui aliyefiwa wala aliyejifungua. Nikigawa nitakosea, na aibu itakuwa yako." Akaomba asaidiwe kuinuka.

Akagawa mama mmoja wa pale, haraka haraka, vizuri tu. Mama mkwe aliletewa fungu lake ndani kwenye sahani, kama mgonjwa. Alishukuru.

Mume wangu alikuwa amekaa na wanaume na aliona yote. Kwenye lori la kurudi Njombe alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu. Aliniegemea sikioni ili nisikie juu ya kelele za injini.

"Umemwona mama? Hata yeye alikuwa amechoka na kazi ile. Hakuwa na mahali pa kuutua mzigo ule. Mimi nimempumzisha."

Alikuwa anaamini. Nilimtazama nione kama anasema ili nimkanushe, na nikaona hapana, anaamini. Mama alipofariki, hadithi hiyo ya kumpumzisha aliirudia kwenye maziko, mbele ya watu wa Kichiwa na Yakobi waliosimama pamoja, na hapakuwa na mtu aliyempinga. Walimwitikia kwa vichwa, wakatoa pole zao, wakaenda zao.